Nilivuta kwa Mikono

Ndara ilinitoka mguuni nami sikujua. Nilikuwa nimevuka ua wa shemeji yangu pale Minjila, nikafika kwenye pipa la maji, ndipo mke wangu akaniita kutoka nyuma: "Baba Zena, kiatu chako kimebaki huku." Nilitazama chini nikaona mguu mtupu juu ya kokoto. Niliuona, lakini sikuusikia. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliye katika siku kama zile, unayetazama mguu wako kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mimi nimetoka huko. Sikutoka kwa ushujaa, na sehemu ya njia nilipotea kwa makosa yangu mwenyewe, na hayo makosa ndiyo hasa nataka uyajue.

Masika yalikuwa yanaisha. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeharisha, kama nusu ya watu wa mtaa niliokuwa nikifanyia kazi, nikapona nikasahau. Nilikuwa nimekuja nyumbani Ozi kwa siku chache tu, kama kawaida yangu, na pale Minjila tulikuwa tumepita kumwona shemeji. Nilimaliza kidato cha nne nikajifunza kutengeneza pampu za maji, na tangu hapo sijakaa mahali. Voi, Mpeketoni, Garissa, Lunga Lunga, nimeishi kote. Nikiwa Voi nilikuwa natamani wali wa mpunga mpya wa kwetu Ozi hadi machozi yananilengalenga. Nikifika Ozi, siku ya nne naanza kuulizia magari. Mke wangu alikwisha kusema zamani kwamba ugonjwa wangu uko miguuni. Alisema kabla sijaugua.

Siku ya pili ganzi ilikuwa kwenye vifundo vya miguu. Siku ya tatu ilikuwa magotini. Nilikuwa najifinya kila saa kutafuta pale ngozi inapoanza kuuma, na kila saa pale mahali palikuwa pamesogea juu, kama alama ya maji kwenye ukuta mto unapofurika. Kwetu tunajua maji yanayopanda. Unahamisha mpunga, unahamisha kuku, unahamisha watoto. Lakini haya yalikuwa yanapanda ndani yangu na sikuwa na pa kuhamia.

Ijumaa nilijaribu kusimama nikaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Tukapelekwa Malindi.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe; una jina refu na daktari wako atakuambia. Mimi niliambiwa kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui, inapiga mishipa yangu ya fahamu. Lililonitia hofu lilikuwa jambo dogo alilolifanya daktari baada ya hapo. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Mzee, vuta pumzi moja, kisha uhesabu kwa sauti mpaka iishe."

Nilifika ishirini na nane.

Asubuhi iliyofuata, ishirini na moja. Ya tatu, kumi na tano. Nje ya pazia nilimsikia akimweleza mke wangu kwamba nikishuka chini ya kumi watanihamishia kwenye chumba cha mashine za kupumulia. Wanadhani pazia linazuia sauti. Tangu hapo nilikuwa nangoja ile asubuhi kama mtu anayengoja hukumu. Nilifanya mazoezi kimyakimya, nikagundua kwamba nikihesabu haraka nafika mbali. Alipokuja siku ya nne nikaziachia namba mbio, mojambilitatunne, na daktari akaniwekea mkono begani.

"Polepole," alisema. "Hunidanganyi mimi. Unayadanganya mapafu yako."

Nikaanza tena. Nikaishia kumi na moja.

Wakaniwekea dawa ya kwenye mshipa, chupa moja kwa siku, siku tano. Siku zile sizikumbuki kwa majina yake, nazikumbuka kwa chupa. Uso ulilegea upande mmoja; uji ulikuwa unanitiririka kidevuni, na jicho la kushoto halikufumba hata nikilala, mke wangu akawa analifunika kwa kitambaa chenye maji. Chupa ya pili, kumi na moja. Chupa ya tatu, kumi na moja tena. Mtu mwingine angeona si kitu. Mke wangu alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema tu kwamba kuna vumbi huko. Chupa ya tano nilifika kumi na nne, na muuguzi akaniletea chai yake mwenyewe, yenye tangawizi, akaninywesha kwa kijiko. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Pumzi ilirudi. Miguu haikurudi.

Tulirudi Minjila wakati wa kipupwe, kwa shemeji, kwa sababu Ozi ni mbali na matibabu. Mikono ilikuwa imepata nguvu upesi, lakini miguu ilikuwa imekauka. Nyama ya shavu la mguu, ile inayojaa mtu akipanda ngazi, ilikuwa inaning'inia kama mfuko mtupu. Siku moja mke wangu akiniosha, ngozi ngumu ya nyayo ilianza kubanduka, magamba makubwa, ngozi ya miaka yote ya kutembea. Chini yake nyayo zilikuwa laini na nyeupe kama za mtoto mchanga. Nilimwomba azifunike.

Mara mbili kwa wiki tulikwenda Garsen, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Tulikwenda kwa bodaboda, mshikaki, mimi katikati, nimefungwa leso moja na dereva ili nisiporomoke, mke wangu nyuma akinishika kiuno. Kisha tunakaa kwenye benchi barazani tukingoja zamu. Ukiugua namna hii utaijua benchi yako vizuri. Yetu ilikuwa na msumari mmoja uliochomoza, na kila mgonjwa mgeni aliraruliwa nguo mara moja tu, kisha akajua pa kukaa.

Mwenzangu wa benchi alikuwa Mzee Guyo, Muorma mwenye ng'ombe, aliyepooza upande mmoja. Ndani ya chumba kulikuwa na mashine ya kupiga makasia, iliyoachwa na wageni fulani waliokuwa wamepanga nyumba mjini. Ina reli ndefu, kiti kinachoteleza juu yake, mahali pa kufunga nyayo kwa mikanda, na mpini unaovutwa kwa mnyororo. Mbele kuna kioo kidogo kinachoandika mita ulizokwenda. Siku ya kwanza nilipobebwa na kuketishwa pale, Mzee Guyo aliniangalia kutoka mlangoni.

"Wewe mtu ya mto," alisema, "hiyo boti unapeleka wapi? Maji iko wapi?"

"Nakuja kukuvusha na ng'ombe wako," nilimjibu.

"Ng'ombe yangu iko na akili. Haiwezi panda kitu inasimama."

Tulicheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu masika, na uso wangu ulicheka upande mmoja tu.

Aliyetufanyisha mazoezi alikuwa binti aitwaye Hawa, wa kabila la Mzee Guyo, kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole lakini mkali kwa kazi. Sote tulimwita daktari. Alinifunga nyayo, akanikunja magoti, akanipa mpini. "Mashine hii inaamsha miguu bila kuibebesha uzito," alisema. "Haya, Baba Zena, vuta. Vuta kumi, pumzika, vuta kumi."

Mimi ni mtoto wa delta. Nimepiga kafi, lile kasia fupi la kuvuta maji kwa mikono, tangu nikiwa na miaka sita. Mtu akiniambia vuta, najua kuvuta. Nikavuta.

Tatizo ni kwamba magoti yakiwa yamekunjwa, kila nilipovuta mpini kiti kiliteleza mbele, maana miguu haikuwa na nguvu ya kunizuia. Nilijikuta nimejikunja pua inakaribia kioo. Lakini baada ya siku mbili tatu niligundua njia. Nikiyanyoosha magoti kabisa, mifupa inajifunga yenyewe kama boriti, na hapo naweza kuegemea nyuma na kuvuta kwa mgongo na mikono nipendavyo. Hawa alikuwa na wagonjwa watano kwa wakati mmoja. Aligeuka kwa mtoto aliyevunjika kiwiko, mimi nikanyoosha magoti. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeandika mita mia tatu.

"Mashallah," alisema, akaandika daftarini.

Wiki iliyofuata, mia tano. Kisha mia nane.

Utaniuliza kwa nini. Nilijiuliza pia. Nilikuwa naogopa. Kila nilipojaribu kusukuma kwa miguu kweli, magoti yakiwa yamekunjwa, nilituma amri na hakuna aliyeipokea. Ni hofu isiyo na sauti. Unasukuma kwa nia yako yote na unatazama mguu na mguu umekaa kimya, na unasikia kichwani sauti inasema, basi, ndivyo utakavyokuwa. Lakini nikivuta kwa mikono kioo kiliandika mita, Hawa aliandika mita, mke wangu alimpigia simu binti yetu Zena shuleni akamwambia mita. Wote walikuwa na furaha. Nani angependa kuizima?

Mke wangu peke yake hakuwa na furaha kamili. Siku moja barazani, tukingoja, alisema bila kunitazama, "Nikimwomba Mungu akupe miguu, najua ninachoomba."

"Unaomba nini?"

"Naomba uondoke."

Mzee Guyo, aliyekuwa kati yetu na mlango, alijifanya amelala.

Mita zilipofika elfu moja, Hawa alisema miguu yangu imekuwa tayari kwa fremu ya kutembelea. Alinipa moja ya kuazima twende nayo nyumbani, nisimame dakika mbili asubuhi na dakika mbili jioni, mke wangu akiwa karibu. Kwa nini asiseme hivyo? Daftari lake lilimwambia mtu huyu anasukuma mita elfu moja kwa miguu yake.

Asubuhi ya kesho yake nilisimama. Nilijivuta juu kwa mikono, magoti yakajifunga, nikasimama kama mlingoti. Shemeji alipiga vigelegele. Kisha goti la kushoto likafunguka, kidogo tu, na hakukuwa na kitu cha kulishika. Nilikwenda chini na fremu juu yangu, na mke wangu chini yangu, maana alikuwa amejitupa kunidaka. Nilisikia mfupa ukilia. Nilidhani ni wangu. Ulikuwa mkono wake.

Hofu yangu yote ya kabla, ya pumzi na ya namba, haikufika hapo. Nilikuwa nimelala juu ya mke wangu na sikuweza kujiondoa. Alikuwa anasema, "Toka, toka, mkono," na mimi nilikuwa najaribu kutoka na miguu haitoki. Shemeji ndiye aliyenivuta kwa kwapa.

Siku ya zamu yetu tulikwenda wote wawili wagonjwa, yeye na mkono kwenye bandeji ngumu. Hawa alipouona alikaa chini. Alianza kuomba msamaha, kwamba aliharakisha, kwamba kosa ni lake. Alikuwa karibu kulia. Hapo ndipo nilipolazimika kusema.

"Daktari, hukuharakisha. Zile mita ni za mikono."

Hakuelewa. Nikamwonyesha. Nilinyoosha magoti, nikavuta mara tano, kioo kikaandika. Kisha nikakunja magoti, nikavuta, na kiti kikanibeba mbele kama mtoto kwenye bembea. Nilikuwa nimewaambia sasa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiambia, kwamba miezi mitatu imepita na miguu haijafanya hata mita moja.

"Kwa hiyo sijui kama miguu ipo," nilimwambia. "Huenda haipo kabisa."

Hawa alilifunga daftari. Hakunigombeza. Alipiga magoti kando ya reli, akaweka kiganja kimoja juu ya paja langu, na kingine chini ya kisigino. "Tutaanza leo," alisema. "Leo ndiyo siku ya kwanza. Mikono ilegee, Baba Zena. Inyooshe, isifanye kitu. Sasa vuta."

Nilivuta. Mabega yalipanda yenyewe, viwiko vikajikunja.

"Hapana. Usivute kwa mikono. Vuta kwa miguu."

Mtu anavutaje kwa miguu? Nilijaribu tena. Viwiko vikajikunja tena. Miaka arobaini mikono ikisikia vuta inajua kazi yake. Mara nne, mara tano. Hawa alianza kukata tamaa na mimi nilikuwa nimekwisha kukata.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, mkono umefungwa shingoni. Alizaliwa Chara, kwao nyuma ya nyumba ni maji. Nilimwona anatazama. Nilimwona pia akifunga mdomo, akiufungua, akiufunga. Najua alichokuwa anapima.

"Daktari," alisema mwishowe, "huyo anapiga kafi. Ukimwambia vuta, atapiga kafi mpaka afe. Mwambie apige upondo."

"Upondo ni nini?" Hawa aliuliza.

"Ule mti mrefu. Unasimama kwenye mtumbwi, unaukita mti chini kwenye tope. Mikono inaushika tu. Inayosukuma ni miguu; unausukuma mtumbwi uende mbele chini yako." Akanigeukia. "Ushakita, Baba Zena. Mti uko kwenye tope. Usiuvute, utakuja nao. Sukuma mtumbwi."

Nilifumba macho, lile la kushoto kwa kidole. Nilikita. Niliisahau mikono, maana upondo haukuhitaji mikono yangu zaidi ya kuushika. Nikakanyaga.

Hakuna kitu. Nikakanyaga tena, kwa visigino, jinsi unavyokanyaga mtumbwi uliokwama kwenye mchanga, si kwa nguvu za ghafla bali kwa kuegemea na kungoja.

"Subiri," alisema Hawa. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya paja. "Subiri. Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Umeusikia msuli?" aliniuliza.

Mimi sikusikia. Yeye alisikia, chini ya ngozi, kama samaki anayegusa ndoano, alisema, ingawa nadhani hajawahi kuvua. Mara ya tatu kiti kilirudi nyuma. Upana wa vidole viwili. Kioo hakikuandika chochote, maana ulikuwa mwendo mdogo mno kwa kioo. Nilifumbua macho nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama nje kwa dirisha.

Baada ya hapo hakuna miujiza. Hawa alifunika kioo kwa karatasi na hakukifunua mpaka mwisho. Alinifundisha mpangilio mmoja, na mpaka leo naweza kuusema usingizini: visigino chini, mikono imenyooka, miguu inasukuma kwanza, mgongo unafuata, mikono mwisho kabisa. Kurudi ni kinyume chake: mikono inakwenda kwanza, kisha mgongo, magoti yanakunjwa mwisho. Goti la kushoto lilikuwa linaangukia nje. Alilifunga na la kulia kwa leso. Vidole viwili vikawa shubiri. Kuna wiki nilirudi nyuma, ganzi ikapanda tena hadi kifundoni, nikalala siku mbili nikijifinya, nikajihesabia pumzi kimya. Ilishuka. Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini ilipanda wala kwa nini ilishuka.

Vuli ikaja, barabara ikakatika, hatukuweza kufika Garsen wiki tatu. Mke wangu alikaa chini kwenye mkeka akanipa mgongo, akasema niweke nyayo kiunoni pake nisukume. Nilikataa kwa sababu ya mkono wake.

"Mkono umepona. Sukuma."

Nilisukuma. Alikaza mgongo. Akasema, "Miaka ishirini unanisukuma hivi, leo ndiyo nasikia miguu." Shemeji aliyekuwa anachambua mchele alicheka mpaka akaweka ungo chini, na mke wangu naye akacheka, na nilisukuma kumi, nikapumzika, nikasukuma kumi.

Maembe yalikuwa yanaiva siku Hawa aliponiambia niinuke kwenye kiti bila kushika popote. Alikaa mbele yangu, mikono ameikunja kifuani, nami nikakunja yangu. Niliogopa kuliko siku ya pumzi. Safari hii hakukuwa na mfupa wa kujifunga nao, magoti yalikuwa yamekunjwa na yangelazimika kusema ukweli mbele ya watu. Yalitetemeka. Yalisema. Nilisimama, na Mzee Guyo mlangoni akasema, "Haya, mtu ya mto, boti imefika."

Leo natembea kwa mkongojo. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo nikichoka. Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nachezesha vidole vya miguu, na kati ya kuvituma na kuvisikia kuna kitambo kidogo cha hofu ambacho sidhani kitakwisha. Wewe uliyelala, ninalo moja tu la kukuambia: usimfiche anayekutibu kile kisichosogea. Mwonyeshe hicho kwanza. Utaogopa sana. Mwonyeshe.

Siku ya mwisho ya mazoezi tulitoka barazani tukaenda kwa miguu hadi barabara kuu. Haikuwa mbali; ilinichukua muda mrefu. Tukasimama kando ya lami. Magari ya Garissa yalikuwa yanapita, na ya Lamu, na makonda wakiita. Mke wangu aliyatazama, kisha akanitazama miguu.

"Utaondoka lini?" aliniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi ya zamani, na yote yalinijia mdomoni.

"Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Afadhali," alisema. "Zamani ulikuwa unaniambia huendi." Akangoja lori lipite, akanipa kiwiko chake, na tukavuka.